Siti ya Ngozi ya Baiskeli: Jinsi ya Kujua Kama Inakufaa Kabla Hujainunua

Ukitaka kuielewa siti ya ngozi, igeuze. Juu utaona ngozi tu, nyororo na yenye kung'aa, na uzuri huo umeshawatoa watu wengi pesa kabla hawajafikiri. Habari yenyewe iko chini. Kuna bamba la chuma lililopinda nyuma, kipande kingine kidogo cha chuma puani, yaani kwenye ncha ya mbele, na ngozi moja nene, milimita tano au sita hivi, iliyowambwa kati ya hivyo viwili na kushikiliwa kwa ribiti. Hakuna sponji, hakuna jeli, hakuna ganda la plastiki. Chini ya ngozi ni hewa tupu, na chini ya hewa ni reli mbili za chuma zinazobanwa kwenye bomba la siti. Puani kuna bolti yenye nati, ambayo kazi yake ni kuivuta ngozi ikaze pale inapolegea.

Kwa hiyo unakalia ngozi iliyowambwa, kama ilivyowambwa ngoma, au kama kitanda cha kamba. Ikiwa mpya inatoa mlio ukiigonga kwa kidole, na ugumu wake unaweza kukukatisha tamaa siku ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa inaanza kubonyea pale mifupa yako inapotua, mashimo mawili madogo, na kuanzia hapo inakuwa siti yako wewe na si ya mwingine.

Siti ya sponji inafanya kazi kwa namna nyingine. Ukiikalia, sponji iliyo chini ya mifupa husinyaa mpaka karibu na plastiki, na ile iliyo katikati hupanda juu na kusukuma sehemu laini za mwili. Ndiyo maana siti nene inayopendeza kuibonyeza kwa dole gumba dukani mara nyingi huanza kuumiza baada ya saa moja barabarani. Ngozi iliyowambwa haina cha kupanda. Inashuka pale ilipoelemewa na kwingine inabaki ilivyo. Tena inanyonya jasho kidogo na kulitoa hewani, jambo ambalo mtu wa safari ndefu hulithamini kuliko maneno yote ya matangazo.

Faida hiyo ni ya kweli, na mimi nimeifaidi kwa miaka mingi. Lakini nimeona watu wakiamua kununua kwa kuangalia rangi, na kwa kusikiliza sifa za mtu aliyekwisha kuizoea siti yake. Huyo anasimulia makalio yake, hasimulii ya kwako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cha kujiuliza ni mifupa yako itatua wapi, unaendesha namna gani na katika hali gani ya hewa, na kama uko tayari kukitunza kitu ambacho kina uhai wake. Kati ya hayo, la kwanza ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Umbo hili lilikotoka

John Boultbee Brooks alianza kutengeneza vifaa vya ngozi vya farasi mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1866. Inasimuliwa kwamba farasi wake alipokufa mwaka 1878 alianza kwenda kazini kwa baiskeli ya kuazima, kiti chake kikamtesa, naye akaamua kutengeneza kilicho bora. Mwaka 1882 aliomba hataza ya siti yake ya baiskeli. Aina ya B17, iliyotoka kabla karne ya 19 haijaisha, bado inatengenezwa Smethwick, jirani na Birmingham, ingawa tangu mwaka 2002 kampuni ni mali ya Selle Royal ya Italia.

Historia hii ina maana kwa mnunuzi. Umbo ambalo halijabadilika sana kwa zaidi ya miaka mia moja limeshajulikana tabia zake zote, nzuri na mbaya, na siti zilizotumika za aina hiyo zinapatikana kwa urahisi. Wapo watengenezaji wengine wa kuangaliwa pia. Gilles Berthoud wa Ufaransa hushikilia ngozi kwa skrubu badala ya ribiti, kwa hiyo ngozi ikichoka unaweza kubadilisha ngozi peke yake. Selle Anatomica wa Marekani hukata mwanya mrefu katikati ya ngozi, nayo ni laini mapema kuliko B17.

Hatua ya 1: Tazama mkao wako

Egemeza baiskeli ukutani uitazame ubavuni. Linganisha urefu wa usukani na urefu wa siti.

Usukani ukiwa juu zaidi ya siti, unakaa wima, na karibu uzito wote wa kiwiliwili unashuka kwenye makalio. Unahitaji siti pana, na hapo springi zina kazi, kwa sababu mtu aliyekaa wima hawezi kujiinua kirahisi akikutana na shimo. Ukubali tu kwamba siti za springi ni nzito. Zilizo kubwa hupita kilo moja.

Usukani ukiwa sawa na siti, au chini yake kidogo tu, umefika mahali ambapo siti ya ngozi ya kawaida, isiyo na springi, inafanya kazi yake vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Uzito umegawanyika kati ya makalio, mikono na miguu, nyonga imelala kidogo mbele, na mifupa inatua sehemu pana ya ngozi.

Usukani ukiwa chini sana ya siti, nyonga huzunguka mbele na unakalia sehemu nyembamba zaidi. Zipo siti nyembamba za ngozi kwa mkao huo, na wapo wanaozipenda. Kwa maoni yangu faida inapungua hapo. Siti ya ngozi isiyo na springi ina uzito wa karibu nusu kilo, pua yake haina mahali pa kubonyea kwa sababu ndipo chuma kilipo, na anayeendesha kwa kuinama sana mara nyingi huwa mtu wa kwenda kasi na kupunguza kila gramu. Siti nyepesi yenye mwanya katikati inaweza kumfaa kuliko ngozi.

Na kama unaendesha dakika kumi kwenda na kumi kurudi, siti yoyote yenye upana sahihi inakutosha. Kinachoilipa siti ya ngozi ni muda unaokaa juu yake.

Hatua ya 2: Pima mifupa yako

Chini ya makalio kuna mifupa miwili, kulia na kushoto, ambayo ndiyo unayoikalia. Umbali kati yake hauna uhusiano wa moja kwa moja na unene wako wala ukubwa wa suruali. Kwa watu wazima wengi uko kati ya milimita 100 na 150, na kwa wastani wanawake huwa nao mpana kidogo kuliko wanaume. Mtu mwembamba anaweza kuwa na mifupa iliyoachana sana, na mnene akawa na ya karibu. Kwa hiyo usikisie.

Tafuta kipande cha boksi lenye mawimbi ndani, lile linalofungiwa mizigo, kiwe bapa na kisicho na mikunjo. Kiweke juu ya kiti kigumu cha mbao au ngazi ya saruji. Vaa nguo nyepesi isiyo na mishono minene nyuma. Kaa katikati ya boksi, weka miguu juu ya kigoda au matofali mawili ili magoti yapande, kisha inama kiasi unachoinama ukiwa kwenye baiskeli. Shika kingo za kiti kwa mikono na ujivute chini kwa nguvu. Hesabu hadi thelathini. Inuka moja kwa moja bila kusota.

Sasa lisogeze boksi kwenye mwanga unaotoka ubavuni, dirishani au kwa tochi, na utaona vivuli viwili vya mviringo. Pitisha kidole taratibu mpaka uhisi sehemu yenye kina zaidi katika kila kivuli, weka alama ya kalamu, na upime kutoka alama hadi alama. Rudia mara tatu kwa boksi jipya kila mara. Vipimo vikitofautiana kwa milimita mbili tatu hakuna tatizo. Vikitofautiana kwa kumi, ulikaa upande, anza upya.

Ipo sababu ya kukutaka uiname. Mifupa hiyo husogeleana kuelekea mbele, kwa hiyo mtu akilala mbele anakalia sehemu yake iliyo nyembamba. Kipimo cha kukaa wima kingekudanganya.

Hatua ya 3: Linganisha na siti, ukiacha chuma nje

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, likiwemo la kwangu.

Upana unaoandikwa na mtengenezaji ni wa ukingo hadi ukingo. Lakini ukingo wa nyuma wa siti ya ngozi umelala juu ya bamba la chuma, na ngozi iliyolala juu ya chuma haitabonyea kamwe. Sehemu inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya bamba, yenye hewa chini yake. Kama siti iko mkononi mwako, bonyeza ngozi kwa dole gumba kuanzia katikati kwenda nje mpaka uhisi chuma kinakuzuia, kulia kisha kushoto, na upime umbali kati ya sehemu hizo mbili. Mifupa yako lazima itue ndani ya kipimo hicho na nafasi ibaki. Kama unanunua kwa kuagiza na huwezi kuigusa, mimi hutoa sentimita mbili hadi mbili na nusu kila upande kutoka kwenye upana ulioandikwa. B17 ya kawaida, yenye upana wa takriban milimita 175, kwa hesabu hiyo inamfaa mtu mwenye kipimo cha hadi milimita 125 au 135. Ile nyembamba ya jina hilohilo, yenye takriban milimita 151, inaishia kwenye 100 au 110.

Siti yangu ya kwanza ya ngozi ilikuwa nyembamba. Niliipenda umbo lake, na niliambiwa kwamba kila siti ya ngozi huumiza mwanzoni, nikavumilia. Wiki ya kwanza, ya pili, ya nne. Baada ya miezi miwili niliiinua machoni kwenye mwanga wa asubuhi na kuona alama mbili za kung'aa, ndogo kama sarafu, na zote mbili zilikuwa pembeni kabisa, nusu juu ya ngozi na nusu juu ya safu ya ribiti. Katikati ya siti ngozi ilikuwa bado mpya, haijaguswa. Nilikuwa nimekaa juu ya chuma muda wote ule nikisubiri kilainike. Nilipopima mifupa ndipo nikapata kipimo cha milimita 128, na siti haikuwa na nafasi hiyo. Ile iliyofuata ilikuwa pana zaidi kwa sentimita mbili na nusu, na iliacha kuniumiza kabla ya mwezi kuisha.

Ngozi hujifunza umbo lako, lakini hujifunza ndani ya mipaka ya fremu yake. Kama vipimo vinagongana na chuma, acha kununua siti hiyo hapohapo, hata ikiwa nzuri namna gani, na hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Hatua ya 4: Fikiria maji

Ngozi ya siti hizi imedabaghiwa kwa magome ya miti, kwa sababu ngozi ya namna hiyo inashika umbo. Tabia hiyohiyo inaifanya iyaogope maji. Ikilowa inakuwa laini na kuvutika, na ukiikalia ikiwa imelowa inavutika kupita kiasi na kukauka hivyohivyo.

Wengi hufikiri mvua inatoka juu. Juu ndiko kwenye nta na rangi, na wewe mwenyewe umekaa hapo ukiikinga. Maji yanayoua siti hutoka kwenye gurudumu la nyuma, yakirushwa chini ya siti, ambako ngozi iko tupu na vinyweleo viko wazi. Rafiki yangu aliendesha kilomita kama arobaini kwenye barabara yenye madimbwi, bila madigadi, juu ya siti iliyokuwa na mwaka mmoja. Alipofika, juu palikuwa pakavu, akaona salama. Tulipoigeuza, chini ilikuwa nyeusi kwa maji, na tope limejaa kwenye pembe za reli. Kesho yake ilikuwa na mashimo mawili kama ya kijiko cha upawa, na pua imenyanyuka. Tulikaza bolti, lakini ngozi iliyokwisha kuvutika hairudi unene wake.

Basi jiulize kwa unyofu. Una madigadi ya urefu kamili, yanayofika chini ya siti na kuipita? Baiskeli inalala ndani au nje? Mahali unapoiegesha kutwa pana paa? Utakumbuka kubeba kifuniko, hata mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kila siku ya mwaka? Ukijibu hapana mara mbili, siti ya ngozi itakuwa mzigo kwako. Kuna siti zinazowambwa vilevile lakini kwa raba na pamba, kama Cambium ya Brooks, ambazo hazijali mvua. Hazijifunzi umbo lako kama ngozi, ila kwa baiskeli inayolala nje ningechagua hizo bila kusita.

Jasho nalo ni maji, tena yana chumvi. Anayefanya mazoezi ndani ya nyumba kwenye baiskeli iliyofungwa afunike siti, au atumie nyingine.

Hatua ya 5: Baiskeli yenyewe itaikubali?

Mambo matatu yanahitaji kuangaliwa kwa tepu kabla ya kulipa.

Kwanza, sehemu iliyonyooka ya reli za siti nyingi za ngozi ni fupi kuliko ya siti za kisasa. Maana yake huwezi kuirudisha nyuma sana. Kama siti yako ya sasa imesukumwa nyuma mpaka mwisho, ya ngozi itakuweka mbele zaidi, mikono itabeba uzito usio wake na magoti yatalalamika. Dawa yake ni bomba la siti lenye kichwa kilichorudi nyuma. Liingize kwenye hesabu ya gharama.

Pili, kutoka reli hadi juu ya ngozi ni kirefu kuliko siti ya plastiki, kwani lazima pabaki nafasi ya ngozi kushuka. Utateremsha bomba la siti ili kurudisha urefu uleule. Kwa fremu nyingi ni kitu cha dakika moja, lakini kama bomba lako tayari limezama mpaka chini, hakuna pa kuteremsha.

Tatu, kibanio. Bomba la zamani lenye ncha nyembamba hutumia kibanio cha kufunga pembeni, na bomba la kisasa lina kibanio chake kichwani. Hakikisha siti unayonunua inaingia kwenye ulicho nacho. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua bomba lenye bolti mbili, mbele na nyuma, kwa sababu siti ya ngozi inataka kulazwa kwa usahihi wa hali ya juu, na kibanio cha meno makubwa hukupa chaguo mbili tu ambazo zote zinaweza kuwa mbaya.

Hatua ya 6: Ikague mkononi

Siti mpya haihitaji ukaguzi mrefu. Itazame kutoka nyuma: pande mbili ziwe sawa, pua ielekee katikati, ribiti zilale bila mwanya, na ngozi isiwe na mikunjo wala madoa laini ukiibonyeza. Ukiulizwa kama unataka iliyolainishwa kiwandani, kumbuka kwamba raha ya haraka inalipiwa baadaye, kwa kuwa ngozi iliyoanza laini hulegea mapema.

Siti iliyotumika ndiyo ya kutumia muda. Anza na bolti ya puani: hesabu nyuzi zilizobaki. Kama nati imekwisha kufika mwisho, ngozi imemaliza uwezo wake wa kukazwa, na hakuna fundi atakayekuongezea. Tafuta nyufa ndogondogo kuzunguka ribiti, hasa za puani, kwani ngozi huanza kuchanika hapo. Geuza na upitishe kucha chini: ngozi nzuri ni ngumu na yenye nyuzi zilizoshikamana, mbovu inatoa unga. Kutu ya juujuu kwenye reli inasuguliwa ikaisha, lakini kutu iliyokula chuma karibu na kibanio ni hatari. Mwisho iweke chini na uitazame ubavuni. Mashimo mawili ya mifupa ya mtu mwingine si kasoro yakiwa ya kina kidogo na umbali wake unakaribiana na wako. Siti iliyozama katikati kama mtumbwi iache.

Kama mbavu za siti, yaani zile sehemu za ngozi zinazoning'inia kushoto na kulia, zimepanuka na kugusa mapaja, hilo linatibika. Watu hutoboa matundu kila upande na kuzivuta pamoja kwa kamba chini ya siti, na siti hupata miaka mingine. Kwa sababu hiyo peke yake usiikatae, ila tumia kasoro hiyo kushusha bei.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa utaratibu

Muulize muuzaji kabla ya kulipa kama siti iliyokwisha kuendeshwa inarudishwa, na kwa muda gani. Wengine hukubali, wengine hukataa ikishapata alama ya kibanio kwenye reli.

Ipake mafuta ya ngozi ya mtengenezaji, yale mazito yenye nta, tabaka jembamba juu na jingine chini, uiache usiku mzima, kisha uifute kwa kitambaa kikavu. Usiiloweke kwenye maji wala mafuta ya kupikia au ya gari ili ilainike haraka. Wapo wanaofanya hivyo na hufurahi mwezi mmoja, halafu wananunua nyingine.

Ifunge pua ikiwa juu kidogo kuliko ungefanya kwa siti ya plastiki. Ukilaza siti ya ngozi sawasawa na ardhi, ngozi inaposhuka katikati unajikuta unateleza mbele, na unajizuia kwa viganja bila kujua. Endesha mahali tambarare, legeza mikono kwenye usukani kwa muda mfupi. Mwili ukiteleza mbele, inua pua kidogo. Ukihisi kubanwa mbele, ishushe. Sogeza kidogo kidogo, badiliko moja kwa safari moja, na uandike, maana baada ya siku tatu hutakumbuka ulianzia wapi.

Usivae kaptura yenye sponji nene katika kipindi hiki. Inasambaza uzito na kuizuia ngozi kupata alama za mifupa. Nguo yoyote isiyo na mshono mnene katikati inafaa, ila iwe ya rangi nzito, kwa sababu rangi ya siti mpya huhamia kwenye suruali nyeupe na haitoki.

Kuzoeana kunachukua kati ya kilomita mia mbili hadi elfu moja, kulingana na unene wa ngozi na uzito wako. Anza na safari fupi, mara nyingi. Na katika muda wote huo tofautisha maumivu mawili. Uchungu butu kwenye mifupa miwili, kama ulikaa juu ya jiwe, ni wa kawaida na unapaswa kupungua wiki hadi wiki. Ganzi mbele, kati ya miguu, si ya kawaida hata siku moja. Ni dalili kwamba mishipa ya damu na ya fahamu inakandamizwa. Ukiihisi, simama, shuka, urekebishe pua au urefu wa siti. Ikirudi baada ya marekebisho mawili matatu, siti hiyo si yako, labda ile yenye mwanya katikati. Usimruhusu mtu yeyote akwambie uvumilie ganzi.

Bolti ya puani iache kabisa kwa miezi sita ya kwanza. Baadaye, ukiona ngozi inabembea au mbavu zinafunguka, kaza robo mzunguko, uendeshe wiki, ndipo uamue kama unahitaji robo nyingine. Anayekaza kwa pupa huchana ngozi kwenye ribiti.

Kazi itakayobaki mikononi mwako

Ukiamua kubaki nayo, kazi yake kwa mwaka si kubwa. Mafuta mara mbili au tatu juu, mara moja chini, tabaka jembamba kila mara, kwani mafuta mengi hulainisha kupita kiasi. Ikilowa, ifute, iache ikauke kivulini na usiikalie mpaka iwe kavu kabisa. Jua kali na moto vinaikausha ikapasuka. Ikianza kulia kila ukikanyaga pedeli, tafuta pale ngozi inaposuguana na chuma upake nta kidogo. Na ukiegesha mahali pa watu wengi, pitisha mnyororo mwembamba kwenye reli hadi kwenye fremu, kwa sababu siti hizi huibwa.

Ikitunzwa hivyo, miaka kumi ni kawaida na ishirini haishangazi. Gawa bei kwa miaka hiyo, kisha ulinganishe na siti za sponji unazobadilisha kila zinapochanika. Kwa mtu wa safari ndefu mwenye madigadi na mahali pakavu pa kuegesha, sijaona siti ya sponji ikishinda hesabu hiyo.

Weka tarehe ya uamuzi tangu siku ya kwanza, wiki sita kwa anayeendesha karibu kila siku. Siku hiyo ikifika, iinue siti kwenye mwanga na utazame alama mbili za kung'aa ziko wapi. Zikiwa zimetua kwenye ngozi na uchungu umepungua, endelea hata kama bado hujapata raha kamili. Zikiwa juu ya chuma, iuze sasa ikiwa bado na sura nzuri, mpe mnunuzi vipimo vyake vya kweli, na utafute iliyo pana zaidi.